Kijitabu cha tamasha la Jacqueline du Pré kilichonifikia Kigoma: uzoefu wangu

Muuzaji huyu wa Uingereza anajua kufunga mzigo kuliko anavyojua kueleza bidhaa. Nilinunua kwake mtandaoni kijitabu cha ratiba ya tamasha la Royal Festival Hall, London, la miaka ya sitini, ambamo Mwingereza Jacqueline du Pré alipiga selo, ala ya nyuzi kama fidla kubwa. Bei pauni 30, na 14 za kusafirisha.

Kifurushi kilipitia Dar es Salaam, nikakichukua Posta hapa Kigoma bila kona hata moja kukunjika. Lakini tangazo lilisema "hali nzuri sana", kumbe pini mbili za katikati zimeshika kutu hadi inakula karatasi. Picha zote zilikuwa za jalada tu. Nilimwandikia, akanirudishia pauni 8 bila ubishi. Kabla ya kulipa, omba picha ya kurasa za katikati, pale pini zinapoonekana.

Kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, hilo si dogo. Mvua zikianza, unyevu unaingia hadi kabatini, na kutu inazidi kusambaa. Nilizitoa zile pini taratibu, nikashona kwa uzi mweupe wa pamba kwenye matundu yaleyale. Sasa kijitabu kiko ndani ya mfuko wa poliesta. Nailoni laini za PVC zinazouzwa madukani msitumie, zinanata na kuharibu wino.

Je, ni cha kweli? Nilianzia kwenye bei iliyochapwa. Yangu iko kwa shilingi na peni za zamani, kwa kuwa Uingereza ilibadili mfumo wa fedha zake mwaka 1971. Kijitabu cha miaka ya sitini chenye bei ya peni mpya kiache. Linganisha pia siku na tarehe: onyesho la du Pré la 1 Machi 1961 kwenye ukumbi wa Wigmore Hall, London, liliangukia Jumatano. Na ukiona tangazo la tamasha la 1976 eti yeye ndiye anapiga selo, usihangaike nalo. Ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis ulimwondoa jukwaani mwaka 1973, akiwa na miaka 28 tu. Hilo bado linaniuma. Saini sinunui kabisa, kughushi ni rahisi mno.

Rekodi yake ya konsato ya selo (muziki wa selo pamoja na okestra) ya mtunzi Elgar, ya mwaka 1965 chini ya kondakta John Barbirolli, naijua kwa moyo. Ila kijitabu kimenionyesha nisichokisikia humo: kazi ipi ilitangulia, mapumziko yalikaa wapi, majina ya wapiga fidla wa nyuma ambao hakuna anayewataja. Kwa hayo pesa yangu imefanya kazi.

Nyota nne kati ya tano. Nimeshamwomba anitafutie kile cha Wigmore Hall cha 1961, na safari hii picha za pini zije kwanza.