TAHADHARI: "Fundi" anayedai kufungua kina cha mashine za dhahabu

Ndugu wachimbaji, hasa mnaotembea na mashine za kutambua metali kutafuta vipande vya dhahabu vya juu juu, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna mtu anajitangaza kuwa fundi wa "kufungua kina". Anadai kiwanda hufunga uwezo wa mashine makusudi ili ununue toleo jipya, na kwamba yeye akiifungua itaona dhahabu hadi mita tatu. Nilimpa mashine yangu na hela yangu. Amenitapeli.

Majaribio yake ndiyo yanayowanasa watu. Alifukia mfuniko wa sufuria kwenye mchanga mkavu, akainua koili (ile sahani ya mwisho wa fimbo inayonasa ishara ya dhahabu) hadi usawa wa kiuno, mashine ikalia. Nikaamini. Lakini mfuniko wa sufuria na kipande cha gramu moja havifanani hata kidogo, na mchanga mkavu si ardhi yenye madini ya chuma tunayofanyia kazi.

Nilipofika kwenye udongo mwekundu wenye mawe ya chuma, mashine ilipiga kelele kila hatua. Mwenzangu mzoefu akakaa nami tukapitia mipangilio yote. Usikivu ulikuwa umepandishwa hadi mwisho. Ule mvumo mwembamba unaosikika muda wote fundi huyo aliukuza mpaka ukawa unafunika milio midogo, na milio midogo ndiyo dhahabu yenyewe! Usawazishaji wa ardhi, yaani mpangilio unaoifanya mashine ipuuze madini ya udongo wenyewe, alikuwa ameuzima. Koili yangu ndogo aliibadilisha akaweka kubwa isiyo na chapa. Kilichofunguliwa kweli ni skrubu za boksi tu, na stika ya udhamini ikachanika.

Naomba mwelewe kwa nini hadithi ya mita tatu haiwezekani kwa vipande vyetu. Kipande kidogo kikishakuwa mbali na koili, ukizidisha umbali mara mbili, ishara yake hupungua takriban mara 64. Hakuna kitufe kinachorudisha hicho kilichopotea. Koili kubwa hufika chini zaidi kwa bonge kubwa, lakini punje ndogo huzipita bila kuzisikia. Ardhi yenye chuma nyingi nayo hula kina, na ukipandisha usikivu unaikuza ardhi pamoja na dhahabu.

Kina mnachoweza kukipata kinatokana na kuseti kwa utulivu, na hakuna haja ya kumlipa mtu. Ondoeni kwanza mwingiliano wa umeme, yaani kelele zinazotoka kwenye nyaya za umeme au simu zilizo karibu. Kisha sawazisheni ardhi: inueni na kushusha koili mahali pasipo na kipande chochote cha metali kilichofukiwa, mpaka mvumo usibadilike. Usikivu ukileta kelele, teremsheni hadi mashine itulie; mashine iliyotulia husikia mbali kuliko inayopayuka. Halafu pitisheni koili polepole, karibu kabisa na udongo. Ukiinyanyua sentimita tano, umezitupa sentimita tano za kina. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kosa hilo kwa muda mrefu nikidhani mashine ni mbovu.

Nilipomlalamikia huyo fundi hakurudisha hela. Alinishawishi niongeze nyingine ninunue kifaa cha "masafa marefu", chenye antena inayojigeuza kuelekea dhahabu iliyo mbali. Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Vifaa vya antena za namna hiyo vina historia mbaya: James McCormick wa Uingereza aliuza ADE 651 akidai inatambua mabomu, kumbe haikuwa na uwezo wowote, na mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 10.

Mtu yeyote akikuambia ameongeza kina, njoo na kipande chako kidogo cha dhahabu, au cha metali ya risasi chenye ukubwa huohuo. Kifukieni kwenye ardhi unayofanyia kazi, wewe ndiye upime kina kwa rula na wewe ndiye ushike mashine. Fanya hivyo kabla na baada ya kazi yake, na usilipe kabla. Akikataa, chukua mashine yako uondoke. Usimwachie ilale kwake hata usiku mmoja. Yangu ililala siku mbili na ndipo koili ilipobadilishwa.

Koili hiyo bado anayo. Ni ya duara, ndogo, waya wake una utepe mwekundu niliouzungushia karibu na plagi, na ukingo mmoja umekwaruzwa na jiwe. Ukiletewa uinunue, tafadhali nijulishe.