Gitaa la Kwanza: Lipi Uchukue, Lipi Uliache Dukani

Gitaa langu la kwanza lilikuwa jeusi, liking'aa kama kiatu cha bwana harusi, na kwa miezi mitatu lilinifanya niamini kwamba vidole vyangu si vya muziki. Kordi ya F, yaani nyuzi kadhaa zinazobanwa na kupigwa kwa pamoja, ilikataa katakata. Hata C, ambayo kila anayeanza huifikia ndani ya wiki, ilitoa mlio wa debe. Siku moja fundi mmoja alilishika, akalitazama kwa jicho moja kama seremala anayekagua ubao, akacheka. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) nyuzi zilikuwa zimenyanyuka karibu milimita 5. Akachomoa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi darajani, pale zinapofungwa tumboni, akakisugua kwa msasa upande wa chini, akakirudisha. Jioni ile ile F ilitoka. Haikuwa safi, ila ilitoka.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue gitaa gani, namuuliza kwanza kama amezibana nyuzi zake. Jina la kampuni, rangi na aina ya mbao ni habari za baadaye. Gitaa la anayeanza linatakiwa libanike bila kumuumiza mtu kupita kiasi, na likishatyuniwa, yaani nyuzi zikishakazwa mpaka zitoe sauti sahihi, likae hapo hapo mpaka mazoezi yaishe. Mpangilio ufuatao, kuanzia ninalolipendekeza zaidi, nimeufanya kwa macho hayo.

1. Akustiki ya nyuzi za chuma, yenye tumbo la wastani

Hili ndilo ningemnunulia mtu ambaye bado hajajua anataka muziki gani. Halihitaji umeme wala waya. Unalichukua, unapiga dakika kumi, unaliweka. Hizo dakika kumi za kila siku zinamfikisha mtu mbali kuliko saa tatu za Jumapili.

Angalia neno "tumbo la wastani". Madukani utakuta zaidi lile kubwa lenye mabega mapana, linaloitwa dreadnought. Kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1916, na jina likatokana na manowari ya Uingereza, kwa hiyo ukubwa wake haukuja kwa bahati mbaya. Lina sauti nzito inayofaa kusindikiza waimbaji. Lakini ukikaa nalo kwenye kiti na una umbo dogo, bega la mkono wa kucharazia linapanda juu, na baada ya robo saa unahisi uchovu ambao hauhusiani na muziki hata kidogo. Tafuta yale yenye kiuno kilichobonyea zaidi, ambayo mara nyingi huandikwa concert au OM. Ukilikumbatia, kiwiko kinashuka chenyewe.

Jambo la pili ni unene wa nyuzi, na hapa ndipo watu wengi wanateseka bila kujua. Seti za nyuzi huitwa kwa unene wa uzi ulio mwembamba kuliko yote, kwa vipimo vya elfu moja ya inchi: seti ya 12, ya 11, ya 10. Akustiki nyingi hutoka kiwandani na seti ya 12. Ukijumlisha mvuto wa nyuzi zote sita za seti hiyo unapata zaidi ya kilo 70. Badilisha uweke seti ya 10, mvuto unashuka hadi karibu kilo 60. Sauti inapungua unene kidogo, lakini vidole vinapumua. Utarudi kwenye 12 ukishaota sugu.

Muuzaji atakusifia gitaa ambalo uso wake ni ubao mmoja halisi, akiponda lile la mbao za tabaka zilizogundishwa. Ana haki: ubao mmoja hutetemeka vizuri zaidi, na sauti yake huendelea kukomaa. Ila mbao za tabaka zinavumilia zaidi hali ya hewa inapobadilika, na sikio la anayeanza halitalala njaa. Mfano mzuri ni Yamaha: F310 ni ya tabaka, FG800 ina uso wa ubao mmoja. Hela ikiruhusu chukua ya pili, isiporuhusu usione haya. Tena F310 ina faida ambayo haitajwi sana. Urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo mpaka darajani ni milimita 634, wakati magitaa mengi ya namna hiyo huwa na 650 hivi. Uzi mfupi unalegea kidogo kwa sauti ile ile, na freti zinasogeleana.

2. La umeme na amplifaya ndogo

Kwa vidole peke yake, hili lingeshika namba moja. Nyuzi za seti ya 9, ambazo ndizo hufungwa kwenye magitaa mengi ya umeme ya bei nafuu, zina mvuto wa jumla usiofika kilo 40. Shingo ni nyembamba, nyuzi ziko chini, na freti za huku juu zinafikika bila kupinda mwili.

Nimelishusha kwa sababu linakuja na ukoo mzima: amplifaya, waya, mkanda, na mahali pa kuchomeka. Halafu kuna vinobu. Namfahamu mtu (sitamtaja, maana ni mimi) ambaye nusu ya muda wake wa mazoezi iliishia kwenye kuzungusha vinobu akitafuta sauti, na kordi zikabaki nne zile zile.

Hata hivyo kama kilichokuvuta ni solo ya rumba, bluzi au roki, ruka namba moja uje hapa moja kwa moja. Ile kauli kwamba lazima uanze na akustiki ndipo ustahili la umeme haina msingi. Mtu hufanya mazoezi akisikia sauti anayoipenda.

Majina yenye rekodi nzuri kwa wanaoanza ni Squier, ambalo ni chapa ya Fender ya bei ya chini iliyoanza mwaka 1982, na Epiphone, ambayo iko chini ya Gibson tangu 1957. Yamaha nao wana Pacifica, gitaa ambalo halina makeke na linafanya karibu kila kitu. Kati ya ukoo wa Fender na ule wa Gibson kuna tofauti utakayoisikia kwenye vidole. Magitaa mengi ya Fender yana urefu wa uzi wa milimita 648, ya Gibson yana 628 hivi, kwa hiyo nyuzi za Gibson zinakuwa laini kidogo.

Epuka daraja linaloelea lenye vifungo vya kubana nyuzi pande zote mbili. Uzi mmoja ukikatika, zote tano zilizobaki zinahama, na kulirudisha sawa ni kazi ya jioni nzima. Amplifaya ya wati 5 au 10 inatosha chumbani na bado majirani watakulaumu. La muhimu iwe na tundu la spika za masikioni.

Kuhusu zile seti za sanduku moja zenye kila kitu ndani: gitaa lililomo mara nyingi linapigika, amplifaya ndiyo huwa ya kulazimisha. Ukiweza, nunua kila kimoja peke yake.

3. La nyuzi za nailoni

"Anza na nailoni, haiumi." Kweli, haiumi sana. Kisichosemwa ni kwamba shingo yake ina upana wa milimita 52 hivi pale mwanzoni, wakati ya akustiki ya chuma huwa 43 au 44. Kwa mkono mdogo huo ni ugumu mwingine: kidole hakichomwi na chuma, ila kinalazimika kusafiri. Na kwa kuwa shingo ni bapa na nene, kukunja kidole gumba juu yake, kama wapigaji wengi wa akustiki wanavyofanya, ni shida.

Lichukue kama unataka muziki wa klasiki, bosanova au flamenko, au kama ngozi ya vidole vyako ni laini kiasi kwamba chuma kitakukatisha tamaa. Lina sauti ya upole ambayo nyuzi za chuma haziwezi kuiga. Yamaha C40 ndiyo utakayoiona mara nyingi kwa walimu, na hawajakosea.

Mawili ya kukumbuka. Nyuzi mpya za nailoni hunyooka kwa siku kadhaa, hivyo gitaa litapoteza tyuni kila baada ya wimbo mmoja. Si bovu, lipe muda. Na kamwe usilifunge nyuzi za chuma. Limejengwa kubeba karibu nusu ya mvuto ule, na litakujibu kwa kung'oka daraja.

4. Akustiki ya kuchomeka

Ni akustiki ya kawaida iliyotiwa kinasa sauti ndani, na tundu la waya ubavuni. Kama tayari unajua kwamba ndani ya mwaka utapanda jukwaani, sawa. La sivyo, kwa bei ile ile akustiki tupu huwa imetengenezwa vizuri zaidi, kwa sababu fedha haikugawanywa kati ya mbao na vifaa vya umeme. Kinasa sauti kinaweza kuongezwa baadaye.

5. La robo tatu

La watoto, na la watu wazima wanaosafiri. Yamaha JR1, kwa mfano, ina urefu wa uzi wa milimita 540 tu. Mtu mzima mwenye vidole vinene atajikuta vinagongana.

6. Gitaa la pambo

Hili usilinunue hata ukipewa punguzo. Utalitambua: limechorwa maua au moto, funguo zake za kukazia nyuzi zinacheza ukizigusa, na shingo haina ile fimbo ya chuma ndani ya kurekebishia mpindo. Mbaya zaidi freti zake zinaweza kuwa zimepigwa mahali pasipo. Hapo hata aje mpigaji wa miaka 30, kordi hazitalingana.

Ukiwa dukani, au nyumbani kwa anayeuza lililotumika

Nenda na mtu anayepiga. Ukimkosa, nenda na tyuna ya simu (programu inayoonyesha sauti ya uzi) na kadi tano za benki.

Kadi moja ya benki ina unene wa milimita 0.76. Zipange pamoja, uziingize kati ya freti ya 12 na uzi wa sita, ule mnene. Kwenye akustiki ya chuma kadi tatu zinapaswa kuingia kwa kugusa uzi bila kuunyanyua. Kwenye la umeme mbili, labda na nafasi kidogo juu. Kwenye la nailoni tano. Kama akustiki inameza kadi tano na bado pana nafasi, hiyo ni kazi ya fundi, na gharama yake iondolewe kwenye bei. Kama shingo imeachana na tumbo, usiwaze fundi, waza mlango.

Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, kimoja kimoja, taratibu, bila haya. Unatafuta mkwaruzo au sauti iliyokufa. Muuzaji akianza kukohoa, endelea. Tyuni uzi mmoja bila kuubana popote, kisha ubane kwenye freti ya 12, utazame tyuna: lazima ionyeshe sauti ile ile, oktava moja juu. Tofauti ndogo hurekebishika kwenye la umeme kwa bisibisi. Kwenye akustiki ni taabu zaidi.

Pitisha kiganja kando ya shingo, juu na chini. Ncha za freti zikikwaruza, mbao imekauka na kusinyaa. Kwenye lililotumika, chunguza nyuma ya daraja kama karatasi inaweza kupenya chini yake, na uangalie mpasuko pale kichwa kinapoungana na shingo. Ikiwa yote hayo ni salama, michubuko ya tumboni isikusumbue. Lililotumika lenye makovu kwa kawaida ni biashara bora kuliko jipya la bei ile ile.

Wanaotumia mkono wa kushoto husikia ushauri wa kila namna. Jimi Hendrix alipindua gitaa la mkono wa kulia na kulifunga nyuzi upya, lakini alikuwa Hendrix. Wewe jaribu yote mawili dukani, uone ni mkono upi unataka kucharaza wenyewe. Ukichagua la kushoto, ujue chaguo litakuwa finyu na gitaa la rafiki hutaweza kulidandia.

Vya kuongezea ni vichache: tyuna ya kubana kichwani (ya simu inatosha kukiwa kimya), pleki (vile vipande vya plastiki vya kucharazia) tatu nne zenye unene wa kama milimita 0.7 kwa sababu mbili zitapotea, seti moja ya nyuzi za akiba, na stendi. Stendi naitanguliza mbele ya begi. Lile jeusi nililiweka begini miezi ile yote mitatu, na kufungua zipu tu kulitosha kunipa kisingizio. Kapo, kile kibanio cha shingoni cha kupandisha sauti ya nyuzi zote, inaweza kungoja mpaka uanze kuimba. Pedali za kubadilisha sauti zingoje zaidi ya hapo, na hapo najisemea mimi mwenyewe pia.