Biskuti za Dharura Zilizovuka Tarehe: Pakiti ya Kabatini na Pakiti ya Garini

Mnamo Januari 2020, baada ya mvua za vuli za mwaka uliotangulia kutufungia njia ya kutoka mtaani kwa siku mbili, nilinunua pakiti sita za biskuti za dharura katika duka moja la Industrial Area linalouza majaketi ya kuokolea, kamba na vifaa vingine vya mabaharia na wapanda milima. Pakiti zote zilipigwa chapa ya kutengenezwa Septemba 2019 na kuisha muda Septemba 2024. Mhudumu aliniambia, "Mzee, weka hizi usahau. Haziharibiki." Niliziweka, ila sikuzisahau, na kwa kuwa sasa nimefungua tatu kati yake, mbili zikiwa zimeshavuka tarehe, ninaweza kuwaeleza wanaofikiria kuzinunua kwamba tarehe ya kwenye pakiti ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni mahali pakiti ilikolala.

Hizi si biskuti za kunywea chai. Ni unga wa ngano, mafuta ya mimea na sukari, vilivyoshindiliwa hadi vikawa vipande vigumu kama mche wa sabuni, kisha vikafungwa ndani ya karatasi ya alumini iliyonyonywa hewa. Asili yake ni baharini. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka kila mtu atakayepanda mashua ya kuokolea awekewe chakula chenye nishati isiyopungua kilojuli 10,000, ambazo ni takriban kalori 2,400, pamoja na lita 3 za maji, na ndiyo maana pakiti nyingi za gramu 500 hukaribia kiasi hicho. Protini na chumvi huwekwa kidogo kwa makusudi, kwa sababu mwili hutumia maji kutoa mabaki ya protini kwa njia ya mkojo, na mtu aliye katikati ya bahari hana maji ya kupoteza. Jambo hili linatuhusu hata sisi wa bara, kwani mafuriko yanapofika Nairobi, maji ya kunywa ndiyo huadimika kwanza.

Kinachozifanya zidumu ni ukavu. Bakteria na ukungu haviwezi kuzaana pasipo maji ya kutosha, kwa hiyo adui mkubwa anayebaki ni oksijeni, ambayo hushambulia mafuta polepole hadi yakachacha na kutoa ile harufu ya mafuta ya mandazi yaliyorudiwa kukaangiwa wiki nzima.

Pakiti ya kwanza niliifungua wakati wa mafuriko ya mwishoni mwa Aprili 2024, ikiwa imebakiza miezi mitano. Vipande vilikuwa vikavu, vyenye utamu wa wastani na harufu nyepesi ya vanila. Watoto wangu wawili walikula bila kulalamika, na mama yao alipoponda vipande viwili ndani ya maji ya moto, tulipata uji mzito ambao mama mkwe wangu, asiyeweza tena kutafuna vitu vigumu, aliumaliza na kuomba mwingine. Kwa upande huo sina neno baya. Bidhaa ilifanya kazi iliyonunuliwa kufanya, siku ilipohitajika.

Machi 2025 nilifungua mbili kwa pamoja, miezi sita baada ya tarehe kupita. Moja ilikuwa imekaa miaka yote mitano katika kabati la chumba cha kulala, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, ambako kipimajoto changu husoma kati ya nyuzi 18 na 23 za Selsiasi. Karatasi yake ilikuwa bado imebana vipande kama ngozi. Rangi ya biskuti ilikuwa imekolea kidogo kuelekea kahawia, vanila ilikuwa imefifia, na vipande vilimomonyoka kwa urahisi zaidi kuliko vile vya mwaka uliotangulia. Harufu mbaya haikuwapo. Nilikula vipande vitatu mchana na viwili jioni, wala sikuona tofauti yoyote tumboni.

Pakiti ya pili, ya chapa ile ile na tarehe ile ile, ilikuwa imeishi kwenye buti ya gari kwa miaka hiyo yote. Niliwahi kuweka kipimajoto humo mwezi wa Februari, gari likiwa limeegeshwa juani tangu asubuhi, nikakuta nyuzi 44. Hata kabla ya kuichana niliona kwamba karatasi imelegea, na kwenye mkunjo mmoja uliokuwa ukisuguana na jeki palikuwa na mchubuko mdogo usiozidi punje ya mtama. Ndani, vipande vilikuwa na madoa ya mafuta yaliyojitokeza juu, na harufu ile ya mafuta ya zamani ilinipokea nikiwa bado nimeshika mkasi. Nilionja na nikatema. Ladha ilikuwa chungu na ilibaki kooni kwa muda mrefu. Mtu mwenye njaa ya siku tatu pengine angekula, lakini sidhani kama mtoto angekubali, na chakula cha dharura ambacho mtoto anakikataa hakijamfaa mwenye kukinunua.

Sitaki kuitwika bidhaa lawama ambayo si yake. Mchubuko ule ulitokana na mimi kuitupa pakiti bila kuifunika. Hata hivyo, madoa ya mafuta yalikuwa yameenea hadi kwenye vipande vilivyo mbali na tundu, na hiyo ndiyo kazi ya joto. Kanuni ya jumla inayotumiwa na wataalamu wa chakula ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya mabadiliko ya kikemikali huongezeka takriban maradufu. Mgao wa wanajeshi wa Marekani unaofungwa katika mifuko tayari kwa kuliwa huonyesha jambo hili waziwazi: huhesabiwa kudumu miaka 3 ukihifadhiwa kwenye nyuzi 27, na miezi 6 tu kwenye nyuzi 38. Ni chakula kile kile, kilichotoka kiwanda kile kile. Biskuti za mashua ni kavu zaidi na hustahimili zaidi, lakini kustahimili joto kwa saa kadhaa si sawa na kukaa ndani yake miaka mitano.

Hapo ndipo Nairobi inapopata bahati ambayo wengi hatuithamini. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kabati la ndani katika nyumba ya mawe huwa na ubaridi ambao mkazi wa Mombasa au Garissa hawezi kuupata bila kulipa umeme. Bahati hiyo haimfikii anayeishi chini ya mabati yasiyo na dari. Kwake, mahali pazuri ni sakafuni, kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na ukuta unaopigwa na jua, na juu ya tofali ili maji yakiingia yasiifikie.

Kuhusu tarehe yenyewe, wauzaji na wanunuzi wengi huichukulia kama mpaka kati ya chakula na sumu. Kwa chakula kikavu kilichofungwa vizuri, tarehe ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu ubora: ladha, umbo na vitamini. Vitamini C ni miongoni mwa zinazopotea mapema, ilhali nishati ya wanga na mafuta hubaki kwa muda mrefu zaidi. Lakini msamaha huo usihamishiwe kwenye mikebe. Mkebe uliovimba, unaovuja au uliotoboka kwa kutu hutupwa bila kuonjwa, hata kama tarehe yake haijafika, kwa kuwa sumu ya botulini inaweza kuwamo bila kutoa harufu wala ladha yoyote.

Je, biskuti hizi zina faida kuliko akiba ya kawaida ya jikoni? Kwa nyumba, jibu langu ni hapana, isipokuwa kama nyongeza. Mchele mweupe mkavu uliofungwa pasipo hewa na kuwekwa mahali baridi hudumu miaka mingi kuliko biskuti yoyote. Maharagwe nayo hudumu, ingawa yakizeeka kwenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba unaweza kumaliza gesi kabla hayajaiva. Unga wa posho, kwa kuwa umesagwa pamoja na kiini chenye mafuta, haufai kabisa kuwa akiba ya muda mrefu. Mahindi mazima yanafaa tu yakiwa makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwani mahindi mabichi kwenye gunia huota ukungu na kuleta sumukuvu. Mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu uliowakumba hasa watu wa Makueni na Kitui uliua watu 125, na sumu hiyo haiondolewi kwa kupika. Ninachowashauri zaidi ni nyirinyiri: nyama iliyokaushwa, ikakaangwa na kuzamishwa katika samli, inayopatikana Eastleigh, ni akiba ya miezi kadhaa yenye protini ambayo biskuti zina kidogo tu.

Sifa ya biskuti ni kwamba hazihitaji moto, sufuria wala muda. Kwa mkoba wa kutoka nao mbio usiku, sijaona kinachozishinda.

Duka ndilo lililonivunja moyo. Niliporudi mwaka 2025 kununua nyingine, bei ilikuwa imepanda karibu mara mbili, jambo ninaloweza kulielewa, lakini pakiti zilizokuwa kwenye rafu zilibakiza miezi kumi na moja tu na ziliuzwa bei kamili. Zaidi ya hayo, rafu yenyewe ilikuwa dirishani, juani. Nilipouliza kama kuna shehena mpya, nilijibiwa kwamba miezi kumi na moja ni mingi. Si mingi kwa bidhaa ambayo mnunuzi anailipia miaka mitano. Anayenunua aombe kuonyeshwa tarehe ya kutengenezwa, abonyeze pakiti kuhakikisha karatasi imebana, na akatae yoyote isiyobakiza angalau miaka minne.

Pakiti zangu tatu zilizobaki tutazila mwaka huu, moja baada ya nyingine, katika safari za kwenda kumwona mama mkwe, ambaye bado anaulizia uji ule. Mpya nne nilizozipata kwingine ziko kabatini ndani ya ndoo, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu nene, na garini sasa ninabeba moja tu, ndani ya mfuko wa kitambaa chini ya kiti cha abiria, ninayoibadilisha kila Januari na iliyo nyumbani.