Miti ya majani ya mabaka kwa nyumba za Malindi: ipi ununue kwanza, ipi uipite tu

Mwezi wa nne ukikaribia na mawingu yakianza kujikusanya, nasari za kando ya barabara hapa Malindi zinajaa watu wanaotafuta ile miti midogo ya majani ya mabaka, kijani na manjano ama kijani na nyeupe, ambayo inakaa na majani yake mwaka mzima. Na wengi wananunua kwa macho tu. Mti unang'aa kivulini, bei inapatanwa, unapakiwa tuktuk, wiki ya pili umekuwa fagio la chelewa.

Sio kwamba mwenye nyumba ana mkono mbaya. Mti umelelewa chini ya neti, ukanyweshwa maji matamu asubuhi na jioni, alafu ghafla unapelekwa kwa jua la saa saba na maji ya kisima yenye chumvi. Kwa hivyo hii orodha sijaipanga kwa uzuri, nimeipanga kwa mti unaoweza maisha ya huku. Kabla hujatoka nyumbani jua vitu viwili: maji yako yakoje, na upepo wa bahari unakufikia vipi. Kama kisima chako maji yake hamwezi kupikia chai, hapo nusu ya nasari ishatoka kwa hesabu. Na mtu wa Casuarina au Silversands, ambako upepo wa kusi ukishika madirisha yote yanapata chumvi, asinunue sawa na mtu wa Ganda au Kakuyuni, kule ndani mbali na bahari, hata kama wako kwa nasari moja saa moja.

Namba moja kwangu ni krotoni. Najua mtasema ni mti wa kizamani, wa mbele ya ofisi za serikali, lakini hebu angalia ile iliyosimama mbele ya hizo ofisi miaka nenda miaka rudi bila mtu kuijali. Asili yake ni huko visiwa vya Indonesia na Malaysia mpaka Pasifiki, kwa hivyo joto letu na ule unyevu wa pwani ndio nyumbani kwake. Kuna ya jani pana, ya jani jembamba refu, na ile iliyojisokota, zote sawa, chagua unayoipenda ila chukua yenye jani nene gumu. Rangi yake inategemea jua, ukiiweka kivulini majani mapya yanatoka kijani kijani tu na utasema umeuziwa mti mwingine. Ikishahamishwa inaweza kumwaga majani mengi kwa mpigo na hapo watu wanaing'oa mapema bure, we kwangua gome kidogo na ukucha, kama chini kuna kijani mti uko hai, endelea na maji. Kasoro zake ni mbili, haipendi kupigwa na chumvi ya bahari moja kwa moja, na utomvu wake ukiingia kwenye kanzu umeingia, na wengine unawawasha ngozi.

Raha nyingine ya krotoni ni pesa. Nunua mmoja mkubwa wenye rangi kali, ukishakolea kata vijiti vya urefu wa kama sentimita 15, punguza majani, vichomeke kwa mchanga wenye unyevu kivulini na kwa wiki nne mpaka sita vingi vitakuwa na mizizi. Miti mingi ya mabaka inaendelezwa hivyo hivyo kwa kijiti, mtu akikuuzia mbegu za mti wa mabaka kaa mbali naye, manake mbegu kwa kawaida hailindi yale mabaka.

Namba mbili ni bogenvilia ya mabaka, na kama bahari unaiona kutoka barazani kwako ihesabu namba moja. Huu ni mti wa Amerika Kusini, chumvi na ukame unavumilia kuliko yote iliyo kwenye orodha yangu, na hata usipotoa maua jani lenyewe lenye ukingo mweupe linatosha. Unataka jua la masaa sita kwa siku na maji ya wastani, ukiuzidishia maji na mbolea utakupa majani tu, maua hamna. Wakati wa kupanda usiuvute kwa shina, mizizi yake ni laini na inakatika ovyo, chana mfuko kwa wembe ushushe na udongo wake mzima. Miiba ipo, kwa hivyo sio wa kupanda kwenye kijia ambacho watoto wanapita mbio wakienda madrasa.

Ya tatu ni shefulera, ile yenye vijani vimefunguka kama mwavuli, kijani na manjano. Huu ndio wa wale wenye ua lenye kivuli nusu, chini ya muembe, ama ubavuni mwa ukuta unaopata jua la asubuhi peke yake. Mvumilivu sana, hata kwa mtungi unakaa miaka. Ila shefulera ina tabia moja, ghafla inachomoza tawi kijani tupu lisilo na baka hata moja. Usifurahi. Ile sehemu nyeupe ya jani haina ule ukijani wa kutengeneza chakula, kwa hivyo tawi la mabaka linakula kidogo na kukua polepole, na tawi kijani tupu linakula kushinda wenzake, ukiliacha litafunika mti wote na baada ya muda utakuwa na kichaka cha kawaida. Likate mpaka chini kabisa linapoanzia, mara tu ukiliona. Hii ni kwa miti yote ya mabaka, shefulera nimeitaja kwa sababu ndiyo inayowashtua watu.

Duranta naiweka ya nne, na kuna watu watanirushia mawe. Kwa fensi fupi ya kukatwa mraba hakuna inayoishinda kwa haraka, na nasari wanaiuza bei ya chini, ila inataka makasi kila mara, ikikosa maji kiangazi inachoka sura, na vile vitunda vyake vya manjano ni sumu. Nyumba yenye mtoto wa kutambaa ama wa kuokota okota, ikate kabla haijazaa. Akalifa ni ya tano, jani lake zuri lakini laini, upepo wa kusi unalichana, ipande nyuma ya ukuta ama usipande. Haibiskasi ya mabaka ni ya mwisho. Ni nzuri mno, sikatai, lakini vidudu vyeupe vya pamba wanaipenda kuliko sisi, na mtaa wenye mbuzi wa kuzurura umewanunulia wao.

Nje ya orodha kuna miwili. Oleanda ya mabaka inavumilia chumvi na jua vizuri sana na ndio maana utaiona hotelini, lakini mti mzima ni sumu kali, jani, ua, kijiti, hata moshi wake ukiuchoma, kwa nyumba yenye watoto au mbuzi mi siwezi kumshauri mtu. Na yuonimasi na jamaa zake zinazotoka bara kwenye baridi, jani zuri la ukingo mweupe, utaziona zinang'aa siku ziliposhuka kwa lori, tosheka kuziangalia.

Sasa ukifika nasari. Swali la kwanza sio bei. Muulize, "Mzee, huu umekaa juani muda gani?" Akikuambia "Huu mwanangu umezaliwa juani," angalia umewekwa wapi, kama uko chini ya neti na udongo una ukungu wa kijani juu, mpe tabasamu uendelee kutembea. Alafu shika mfuko uuinue mwenyewe. Ukikataa kunyanyuka maana yake mizizi ishatoboa chini ikaingia ardhini, na muuzaji atauchopoa kwa panga, unakwenda nyumbani na shina zima na mizizi nusu. Chukua wa jirani yake. Geuza majani uangalie chini, hapo ndipo vidudu wanapojificha, pamoja na kwenye kikwapa cha jani na shina, ukipata utando mwembamba wa utitiri ama kitu cha kunata, acha. Mti mfupi wenye matawi mengi kutoka chini ni bora kuliko mrefu wenye shungi juu, hata kama ule mrefu unaonekana una thamani zaidi.

Ukinunua uliolelewa kivulini usiupande siku hiyo, uweke mahali pa jua la asubuhi wiki moja mbili kwanza. Shimo lichimbe pana mara mbili ya mfuko, na ukikuta mwamba usidanganyike kuupanda juu juu, vunja ama hama. Mchanga wetu hauweki maji, changanya na samadi iliyooza vizuri na udongo mwekundu ukiupata, alafu funika juu kwa makumbi ya nazi, ukiacha nafasi kidogo karibu na shina. Maji mimina chini, ukimwagia majani kwa maji ya chumvi yanaungua ncha na kingo zinakuwa kahawia. Maji ya kushiba mara mbili tatu kwa wiki ni bora kuliko kunyunyiza kila siku.

Na msichanganye mabaka na ugonjwa. Baka la asili mara nyingi halifanani, jani hili tofauti na lile. Ukiona majani machanga tu yamegeuka manjano na mishipa imebaki kijani, mti umekosa chuma, kitu cha kawaida kwenye ardhi yetu ya mawe ya bahari, ongeza samadi na ukipita duka la dawa za kilimo ulizia chuma cha mimea. Vidudu vya pamba vioshe kwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni jua likishuka, rudia baada ya wiki.

Wa Lamu, mti unaotoka huku mpaka gati ya Mokowe sio shida, shida ni ile boti. Uvisheni gunia mzima juu mpaka chini kabla ya kuupandisha, na kwa zile nyumba za mawe zenye kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani, ambacho jua linapita masaa mawili matatu tu, acheni krotoni, tafuteni aralia ya ukingo mweupe muiweke kwenye mtungi.