Mfuko wa mkojo wa kufunga mguuni: tunaupa alama za juu, ila kagua koki

Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume anayeishi na mpira wa mkojo (mrija laini unaoingia kwenye kibofu na kutoa mkojo) mara nyingi hupewa mfuko wa lita 2 tu. Huo ni wa kitandani. Kwa kutembea, kazini au msikitini, huu wa mguuni wa mililita 500 unastahili kila shilingi, maana unakaa ndani ya suruali bila kuonekana.

Tazama koki ya kumwagia mkojo kwanza. Ya kugeuza kwa kidole kimoja inamfaa zaidi mzee mwenye mikono inayotetemeka kuliko ya kuchomoa. Mkanda uwe mpana, wa kitambaa. Mwembamba wa mpira hukata ngozi.

Mwaga ukifika nusu, usizidi theluthi mbili. Ukijaa, uzito huvuta mpira na kuumiza njia ya mkojo. Ukae chini ya kibofu daima, mkojo usirudi na vijidudu. Usiku usiuvue: chomeka mrija wa ule wa lita 2 kwenye koki, kisha fungua koki. Mifuko mingine ya bei rahisi hushindwa hapo, mrija huchomoka na godoro kulowa. Nawa mikono kabla na baada. Badilisha mfuko wa mguuni kila siku 5 hadi 7.