Amepaka rangi juu ya maji, kisha akamgeuza mama yangu tapeli: uzoefu wangu wa kuandaa nyumba ya kuuza Mbeya

Kama una nyumba unataka kuiuza hapa Mbeya na fundi akakwambia "niachie kazi yote mimi, wewe subiri wateja tu", kabla hujampa hela ya kianzio mpeleke kwenye ukuta mbovu kuliko zote ulizonazo, muulize atafanya nini. Akianza kukutajia aina za rangi, mshukuru na umsindikize getini.

Ninayemsema ni jamaa mmoja mwenye ofisi yake pande za Mwanjelwa. Anachukua nyumba nzima: anasafisha, anaziba nyufa, anabadilisha vitasa na vioo, anapaka rangi, anafyeka uwanja, mpaka dalali akija na wateja kila kitu kiko tayari. Tulimpata kwa kusifiwa na watu, na picha zake za kazi zinavutia kwelikweli.

Nyumba ni ya mama, iko Isanga, huku chini ya mlima Loleza. Marehemu baba aliijenga kwa tofali za kuchoma miaka ya themanini, enzi ambazo saruji ilikuwa ya kutafuta kwa foleni na kujuana. Ni nyumba imara, haina ufa wa kutisha hata mmoja. Mama anaiuza kwa sababu anataka kurudi kwao Tukuyu akae karibu na mdogo wake, na sisi wanaye tumetawanyika. Kwenye karatasi tulikuwa safi: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani tunayo, pango la ardhi limelipwa, na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, hakuna deni la kumshtua mtu. Dalali mwenyewe alisema ni nadra kupewa nyumba ambayo makaratasi yake hayana maswali.

Tatizo lilikuwa moja, ukuta wa nyuma wa sebule, ule unaotazama mlimani. Mvua zetu zikianza Novemba huwa haziachii mpaka Aprili, na maji yakiteremka kutoka juu yanakaa pale nyuma. Udongo wa upande ule umepanda mwaka hadi mwaka, na maua yaliyopandwa kando ya ukuta yameushikilia, mpaka sasa umepita usawa wa sakafu ya ndani. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini hazikuwekewa nailoni juu ya msingi. Tofali la kuchoma linanyonya maji, yanapanda taratibu, na ndani unaona ukuta umebadilika rangi mpaka usawa wa kiuno, na chumvi nyeupe inachipua kwenye lipu.

Mama amekulia Tukuyu. Mvua hafundishwi na mtu. Siku ile jamaa amekuja kukagua, mama alimpeleka mwenyewe hadi pale, akamwekea mkono ukutani, akamwambia, "Baba, ukuta huu unakunywa maji. Anzieni nje kwanza, ndani mtamalizia." Nilikuwepo, nilisikia. Jamaa alicheka kidogo, akasema, "Bibi, hayo tuachie sisi, ndiyo kazi yetu." Mama amefundisha shule ya msingi maisha yake yote. Watu wazima wenye mvi mtaani wakimwona wanamwita mwalimu, wanasalimia kwa mikono miwili. Huyu alimjibu kama mtu anayemwondoa mtoto jikoni.

Vijana wake wakaja, mvua ikiwa imekolea. Walichofanya kwenye ule ukuta ni hiki: walikwangua rangi ya zamani juu juu, wakapiga skimu ya unga wa jipsamu, wakapitisha msasa, halafu kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno wakamalizia na rangi ya mafuta, kahawia ya kung'aa. Nje hawakugusa hata koleo moja la udongo. Ukitazama siku ile ungesema nyumba ni mpya. Mimi mwenyewe nilipiga picha nikamtumia dalali.

Yeyote anayejua ujenzi ameshaona kilichokuwa kinakuja. Jipsamu haipatani na maji, ikilowa inalainika na kuachia. Rangi ya mafuta nayo inafunga ukuta, unyevu uliomo ndani haupati pa kutokea, kwa hiyo unaisukuma rangi kwa nyuma. Haikuchukua muda malengelenge yakaanza, madogo madogo kwanza, kisha makubwa kama kiganja. Ukiyabonyeza yanatoa maji.

Tukamwita. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana ukuta kuharibika ni jambo linalotokea, fundi yeyote anaweza kukosea. Jamaa alikuja akiwa na kijana mmoja. Hakuuliza kitu. Akalishika kabati la vyombo la mama, lile la mninga alilonunuliwa na baba, wakalisukuma wawili mpaka likakaa mbele ya malengelenge. Pembeni kulikobaki akapitisha roli upya. Akapangusa mikono, akasema, "Hapo sasa pako freshi. Wateja wakija msilitoe." Mimi nilikuwa kazini, nimeyajua haya jioni kwa mama. Alikuwa amekaa anaangalia kabati lake limewekwa mahali ambapo halijawahi kukaa. Hakupenda, ila alinyamaza kwa kuwa aliambiwa ndivyo nyumba za kuuza zinavyopangwa.

Wateja wakaja wikiendi, mume na mke, watu wazima wastaarabu, wanatokea Iringa, mume kahamishiwa kazi huku. Walizunguka vyumba vyote, jiko wakalipenda, wakauliza maji na umeme. Yule dada alikuwa makini. Alifika sebuleni akasimama, akavuta pumzi, akasema panatoa harufu ya udongo. Akasogea kwenye kabati. Akapitisha mkono nyuma yake, kwenye ule upenyo mdogo karibu na soketi, akabonyeza kwa kidole gumba. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, nikaona kidole kinazama. Alipokivuta kikaja na kipande cha rangi kinachoning'inia, na unga mweupe uliolowa ukadondoka juu ya soketi. Alikiangalia kidole, akamwangalia mume wake. Kisha akamgeukia mama, na hakusema kwa ukali, alisema kwa masikitiko: "Mama, mlikuwa mnatuficha?"

Mama hakuwa na jibu. Mwalimu yule, ambaye alikuwa akiwarudisha wanafunzi waliozidishiwa chenji ya peremende dukani, alisimama sebuleni kwake akaulizwa na mgeni kama yeye ni tapeli, akashika kitenge chake akatazama chini. Wale watu waliaga kwa adabu zote. Hawakurudi, na siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa mimi nisingerudi.

Nikampigia jamaa palepale. Nilitegemea japo aseme pole. Nanukuu, maana nilikuwa nimeweka spika na mama alikuwa anasikia: "Kaka, mbona mnahangaika? Si mnauza? Unyevu ni wa atakayenunua." Nikamwambia huo unaitwa wizi. Akauliza, "Au huyo bibi ndiye kawaonyesha?" Nilikata simu, mikono inatetemeka.

Jamani, hii ndiyo biashara ya kuandaa nyumba? Mnunuzi wa nyumba hapa kwetu si mtu wa kuja akapotea. Anakuwa jirani wa majirani zako, anasali kanisa walilosali wazazi wako, watoto wake wanasoma shule aliyofundisha mama. Masika ya kwanza yakipiga atajua, na kila atakayekaribishwa sebuleni kwake ataambiwa tuliuziwa hivi na fulani. Fundi yeye atakuwa yuko kwenye nyumba nyingine anapanga makabati.

Sasa nisiwe mtu wa kuponda kila kitu. Kazi ya nje, nitakuwa mwongo nikisema ni mbaya. Rangi ya nje mpaka leo imekaa vizuri, haijachuja, na mvua zimeipiga. Mbao za kenchi walizipaka dawa, bati wakaligongea misumari iliyokuwa imelegea, na ile kelele ya upepo wa usiku tuliyoizoea miaka yote imeisha. Vitasa vinafunga. Choo cha nje walikisafisha mpaka nikashangaa. Na kuna kijana mmoja kati ya wapakaji wake, mpole, ambaye nilikuja kujua kwamba alimwambia bosi wake tangu mwanzo kuwa pale lazima lipu itolewe. Akaambiwa apake. Kijana yule akifungua kazi yake mwenyewe nitakuwa wa kwanza kumpa nyumba. Kwa hiyo ukiwa na nyumba kavu, mathalani pale Forest au Block T kwenye tambarare, unataka tu ing'ae kwa bei ya kawaida, labda utatoka umefurahi. Nilifikiria kumpa nyota tatu kwa hayo.

Lakini nikikumbuka "huyo bibi" nyota zote zinayeyuka.

Aliyetutoa pale ni mzee mmoja fundi wa Uyole, tuliyeelekezwa na mama jirani. Huyu hakuja na roli. Alikuja na kipande cha nailoni safi na gundi ya karatasi, akakibandika ukutani pande zote nne, akasema tukiache mpaka kesho. Asubuhi akatuita tuone: matone yalikuwa upande wa ndani, ule unaogusa ukuta. Akasema yangekuwa upande wa nje wa nailoni, basi ingekuwa ni mvuke wa chumbani tu, na dawa yake ingekuwa kufungua madirisha. Yakiwa ndani, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Alimweleza mama, si mimi. Alimwita "mwalimu" na alivua kofia akiongea naye.

Akaanzia nje, kama mama alivyosema siku ya kwanza. Waling'oa maua, wakashusha udongo mpaka chini ya usawa wa sakafu, wakachimba mtaro wenye mteremko kupeleka maji pembeni ya kiwanja, wakaujengea. Ndani wakabandua lipu yote iliyolowa, wakapita kidogo juu ya pale alama ya unyevu ilipoishia, wakaacha tofali wazi. Nilipomuuliza lini anapaka rangi alikataa kunipa tarehe. Alisema ukuta ndio utasema, na kwamba lipu mpya nayo, hata ikipigwa kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji, inataka kama mwezi mzima ikauke kabla ya kufunikwa na chochote. Tungoje kiangazi, ule upepo mkavu wa kuanzia Juni, ndipo aendelee. Hiyo ina maana nyumba inakosa soko miezi kadhaa, na dalali amenuna. Bado nasema ni sawa. Yule wa Mwanjelwa angetuambia ukweli huu mwanzoni tungemlipa bei hiyohiyo kwa kazi ndefu zaidi, wala tusingelalamika.

Kama mnataka ushauri wangu kwa kifupi: mnaoandaa nyumba huku nyanda za juu, kagueni kuta mvua ikiwa inanyesha, pakeni kiangazi, na kabati la mtu liacheni mahali pake. Nyufa, harufu, alama za maji kwenye dari, mnunuzi makini ataviona hata mkivifunika. Afadhali umwonyeshe, mpunguziane bei kwa mazungumzo. Dada yule wa Iringa, nina hakika, angekubali kupunguziwa. Jiko alilipenda sana.

Nyota naweka moja, kwa ajili ya bati na kwa ajili ya yule kijana. Jamaa ananitumia meseji za salio lake, na juzi kanitishia kwenda serikali ya mtaa. Aende. Mwenyekiti amefundishwa kusoma na mama. Nimemjibu kwamba hela yake ninayo, haijaliwa, iko kwenye bahasha, na ataipata yote siku atakayokuja yeye mwenyewe, si kwa simu wala kwa kutuma kijana, akamsalimia mama shikamoo na kumwomba radhi. Mpaka ninavyoandika hajaja.