TAHADHARI: Gita la umeme la "mahogani" pale Sabasaba, nimeliwa laki sita na nusu

Wadau wa muziki hapa Dodoma, naandika hii na usingizi sina toka jana. Gita langu la kwanza sinalo tena, toka hapo nimekuwa napiga la kuazima kanisani, nikajibana miezi nane ndo nikapata hiyo hela.

Sasa jumamosi ya wiki iliyopita jamaa mmoja anayeuza magita akanipigia, njoo Sabasaba mzigo umefika. Nafika saa moja na nusu usiku, giza, ananiwashia tochi ya simu. Akalitoa kwenye begi taratibu akanikabidhi kwa mikono miwili, aisee bega likashuka kwa uzito. Akasema "umesikia? Hiyo mahogani kaka, ukoo mmoja na mkangazi wetu, kampuni ya Gibson wanachongea gita lao la Les Paul mbao hiyohiyo, gita jepesi halina sauti". Akaligonga mgongoni kwa kidole, akaniambia weka sikio, nikaweka. Akanimulikia mistari ya mbao, wekundu wa kahawia umetulia, nikaipapasa, nikatuma hela palepale nimesimama.

Na msiniulize kwa nini niliamini. Baba yangu seremala, nimekulia kwenye maranda ya mninga na mkongo, nikaona mtu anayeongelea mbao hivi hawezi kuwa tapeli. Halafu alichosema kina ukweli ndani yake, Les Paul kweli bodi yake ni mahogani na nyingi zinapita kilo 4, gita jingine maarufu, Stratocaster ya mti wa alda, linacheza kwenye tatu na nusu. Hili langu baadae nilipima kwenye mizani ya mchele dukani kwa jirani, kilo 5 na robo!

Jana ibadani, pambio la pili, skrubu ya mkanda ikachomoka na gita likaenda chini mbele ya kanisa zima. Mchungaji alinyamaza. Watoto wa kwaya wananiangalia. Nikaokota, naangalia lile tundu unamwagika unga wa kahawia kama ugoro.

Fundi kafungua leo asubuhi, ni MDF tupu, nyuzinyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi, juu wamebandika karatasi yenye picha ya mbao. Ule uzito ulionidanganya ni wa MDF, inaizidi mahogani nyingi. Uzito peke yake hausemi kitu jamani, mpingo ni mzito mpaka unazama majini lakini kwenye gita kazi yake ni vipande vidogo kama ubao wa vidole, ukichonga bodi nzima nani atalibeba mkesha mzima? Na sauti ya gita la umeme kwa sehemu kubwa inatoka kwenye pikapu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) na nyuzi zenyewe, mbao inachangia kiasi gani mafundi wenyewe hawajawahi kukubaliana. Ila MDF haishiki skrubu, briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi, inacheza, unatyuni sasa hivi wimbo haujaisha limeshashuka. Na mimi wiki nzima nalaumu nyuzi.

Nimempigia anasema nimelidondosha mwenyewe, kisha akanibloku. Huyu mtu akamatwe, arudishe hela za watu, alale ndani ajue uchungu wa mtu aliyejibana miezi nane, na wanaomtetea kwamba ni biashara tu nao wajitafakari.

Kama bado mnataka kununua kwake: mistari ya juu angalia kama inapinda na kuendelea pembeni, kwenye langu ilikatika ukingoni na nilidhani ni rangi. Bebeni bisibisi mfungue kile kifuniko cha nyuma, mimi nilipogusa akasema nitaharibu waya. Risiti hana. Mchana hapatikani.

Aliyeuziwa na yeye anicheki inboksi leo, kesho saa tatu asubuhi naenda polisi na gita lenyewe mkononi, tukiwa wengi watatusikiliza.